Ngoma Hufungua Mlango: Wapenzi wa Rege na Ushairi wa Dabu

Mwulizeni mpenzi yeyote wa rege jinsi alivyoanza kuupenda muziki huo. Hatawaambia kwanza maneno aliyoyasikia. Atawaambia mahali. Atasema: "Nilikuwa kwa mjomba, usiku, katika chumba cha nyuma." Au: "Nilikuwa nikipita sokoni, muuza kaseti akafungulia redio yake, miguu yangu ikasimama." Kisha ataweka mkono kifuani na kuwaonyesha mahali ile besi ilipompiga. Tumewasikia wengi wakisimulia hivyo, na sisi wenyewe tulipoulizwa tulijibu vivyo hivyo.

Masimulizi hayo ni ya kweli, wala hatuyacheki. Lakini twaona yanasahau nusu ya habari. Katika muziki huo wa Jamaika limechipuka tawi moja liitwalo ushairi wa dabu. Humo mtu haimbi: anasema shairi lake, nayo ngoma inakwenda naye. Wapenzi wa ushairi huo wakikumbuka siku ya kwanza, husimulia yale yale: ngoma, besi, kifua. Basi twauliza: ikiwa ni ngoma tu, mshairi alikuwa na kazi gani pale? Jambo hilo twataka kulipima leo, kwa maana laweza kutufundisha kitu juu ya kinywa chetu wenyewe.

Chanzo chake

Katika mji wa Kingston, watu wasio na fedha za kuingia katika kumbi za matajiri walicheza uani. Mwenye mitambo alileta sahani zake za santuri na masanduku ya sauti marefu kama mtu, akayapanga, na mtaa mzima ukaja. Karibu na mwisho wa miaka ya 1960, watengenezaji wa sahani walianza kuweka upande wa pili wa sahani wimbo ule ule, lakini sauti ya mwimbaji imeondolewa. Fundi mmoja wa redio, Osbourne Ruddock, ambaye watu walimwita King Tubby, akaifanya kazi hiyo kuwa ufundi mkubwa. Aliondoa sauti, akaacha ngoma na besi, halafu akarudisha kipande kidogo cha sauti kikapaa na kurudi kama mwangwi wa mlimani. Hiyo ndiyo dabu.

Angalieni vema: sauti iliondolewa, na mahali pake pakabaki wazi. Hapo akaingia msemaji mwenye mikro, akasema maneno yake juu ya ngoma iliyobaki. U-Roy ndiye aliyesifiwa kuliko wengine. Mwaka wa 1970 sahani zake zilishika nafasi za mbele kabisa huko Jamaika. Yeye na wenzake walisema maneno yaliyowajia pale pale, wakiifuata ngoma.

Washairi wakaja baada yao, na njia yao ni nyingine. Mshairi wa dabu huandika kwanza. Ngoma huiweka ndani ya maneno yenyewe, katika mpangilio wa silabi, hata akisoma peke yake chumbani mguu wako unapiga. Oku Onuora aliandika mashairi yake ya kwanza akiwa mfungwa. Alitoka gerezani mwaka wa 1977, naye ni mmoja wa waliolieneza jina hilo la ushairi wa dabu. Pamoja naye wako Linton Kwesi Johnson, Michael Smith, Jean "Binta" Breeze, Benjamin Zephaniah wa Birmingham aliyefariki mwaka wa 2023, na Mutabaruka. Msomaji wa Bukavu au wa Goma atashtuka kulisikia jina hili la mwisho: ndiyo, ni jina la Kinyarwanda. Mjamaika huyo alizaliwa akiitwa Allan Hope, akalichagua jina la Mutabaruka yeye mwenyewe.

Walioisikia kwanza ngoma

Sasa tuwasikilize wapenzi. Huko London, mwaka wa 1977, palikuwa na ukumbi mmoja jina lake Roxy, ambamo vijana wa Kizungu waliojiita mapanki walikutana. Sahani za muziki wao zilikuwa bado chache mno. Basi mpiga sahani wa ukumbi, Don Letts, mtoto wa wazazi waliotoka Jamaika, akawapigia rege ya kwao kati ya bendi moja na nyingine. Vijana wengi wa wakati ule husema kwamba waliifahamu rege hapo.

Huko Marekani wengi waliipata katika sinema, kwa filamu iitwayo The Harder They Come, ya mwaka wa 1972, ambayo mchezaji wake mkuu ni Jimmy Cliff. Filamu hiyo inasemwa kwa lugha ya Wajamaika, na ilipoonyeshwa Marekani ililazimu kuandika Kiingereza chini ya picha. Watazamaji wakasoma maneno kwa macho, na ngoma wakaisikia kwa mwili.

Afrika nayo ina masimulizi yake. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru, Bob Marley alipiga muziki katika uwanja wa Rufaro, mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Watu waliobaki nje wakasukuma malango. Polisi wakatupa moshi wa kutoa machozi, moshi ukaingia hata uwanjani. Waliokuwapo hukumbuka ngoma, bendera mpya na moshi, vyote pamoja. Naye Alpha Blondy wa Kodivaa, alipokuwa mwanafunzi huko New York, alimsikia Burning Spear jukwaani, na mambo yake yakageuka. Mwaka wa 1982 alitoa sahani yake ya kwanza, na wimbo uliompatia sifa ulisimulia jinsi polisi walivyowapiga watu. Hakuuimba kwa Kiingereza cha Jamaika wala kwa Kifaransa. Aliuimba kwa Kidiula, lugha ya sokoni na ya nyumbani. Tutalirudia jambo hilo.

Na sisi huku Kongo? Wengi wetu tuliijua rege kwa kaseti za Alpha Blondy huyo na za Lucky Dube wa Afrika ya Kusini, aliyeuawa mjini Johannesburg mwezi wa Oktoba 2007. Dube aliimba kwa Kiingereza. Sisi shuleni tulifundishwa Kifaransa, na Kiingereza chetu kilikuwa cha maneno matano. Hata hivyo tuliimba naye tangu mwanzo hata mwisho, tukitamka maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote ya duniani, na tuliyatamka kwa moyo wote.

Hapo mpinzani atasema: "Mwaona! Mlipenda bila kuelewa. Basi neno si kitu, ngoma ndiyo yote." Neno hilo lina nguvu, wala hatuwezi kulipuuza. Katika wimbo, sauti ya mwimbaji ni kama chombo kimoja kati ya vyombo vingine. Waweza kuipenda kama upendavyo gitaa. Ndiyo maana Lucky Dube alitufikia. Lakini ushairi wa dabu haukutufikia hivyo, na hapa tutaleta ushuhuda wetu.

Rafiki yetu mmoja aliporudi kutoka Ubelgiji alituletea kaseti ya Linton Kwesi Johnson. Tuliisikiliza kama tulivyozoea. Tukasema: "Ngoma ni nzuri, lakini mbona huyu haimbi? Anaongea tu kama mtu aliyechoka." Tukaiweka pembeni, na vumbi likaifunika. Miaka ikapita. Halafu mwalimu mmoja aliyejua lugha ile alituketisha akatufasiria shairi moja, mstari kwa mstari, akisimamisha kaseti kila mara. Alipomaliza hakuna aliyecheza. Mmoja wetu akasema tu: "Mwalimu, irudishe mwanzo." Hiyo ndiyo siku tuliyoligundua jambo lenyewe. Siku ya kwanza ngoma ilifungua mlango, na sisi tukabaki tumesimama kizingitini tukiusifu mlango.

Kijana wa Brixton

Johnson alizaliwa Chapelton, katika shamba la Jamaika, tarehe 24 Agosti 1952. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na jina la Kwesi, alilojipa baadaye, ni jina la Waakani wa Ghana kwa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumapili. Bibi yake hakujua kusoma. Mtoto ndiye aliyemsomea Biblia, zaburi na mithali. Anayejua jambo hilo ataitambua sauti ya Johnson mara moja: ile sauti iliyotulia, inayorudia neno mara ya pili kwa uzito zaidi, inayolalamika bila kupiga kelele. Imani ya Warasta, ambayo wanamuziki wengi wa rege waliishika, yeye hakuishika. Lakini mwendo wa zaburi alibaki nao.

Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 11, alimfuata mama yake London, wakakaa Brixton, mtaa wa wahamiaji wa visiwani. Bado mwanafunzi, alijiunga na vijana weusi waliotetea haki zao, na katika vitabu vyao akapata kitabu cha W. E. B. Du Bois juu ya roho za watu weusi. Amesema mara nyingi kwamba kitabu hicho kilimwamshia hamu ya kuandika. Aliendelea na masomo ya juu London, akasomea elimu ya jamii. Kwa hiyo Kiingereza cha shule alikijua sana. Twalitaja jambo hili makusudi, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba aliandika lugha ya mtaani kwa sababu hakuwa na nyingine.

Maana Wajamaika wana lugha yao, Patwa. Ina maneno mengi ya Kiingereza, nayo imejengwa kwa namna yake yenyewe, na ndani yake mna alama za Afrika. Kwa muda mrefu waliosoma waliiita Kiingereza kilichovunjika. Mtoto aliyeisema darasani alirekebishwa. Kabla ya washairi wa dabu, Bi Louise Bennett alikuwa tayari ameandika mashairi kwa lugha hiyo tangu miaka ya 1940. Watu walimpenda mno, lakini kwa miaka mingi wasomi hawakumhesabu kuwa mshairi. Walimwona mchekeshaji. Yaani lugha ya nyumbani ilipewa ruhusa ya kuchekesha, haikupewa ruhusa ya kusema jambo zito.

Barua ya Sonny

Sasa tulifikie shairi lile alilotufasiria mwalimu. Jina lake ni "Sonny's Lettah", nalo limo katika sahani ya Forces of Victory ya mwaka wa 1979, ambayo mwenzake Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, alimsaidia kuitengeneza. Shairi hili ni barua. Kijana yuko gerezani Brixton, anamwandikia mama yake. Anaanza kama tunavyoanza sisi sote: anamsalimu mama na kumtakia afya. Kisha anasema hajui amwelezeje, kwa sababu alikuwa amemwahidi kumtunza mdogo wake Jim.

Ndipo habari inapokuja. Walikuwa wakingoja basi, saa ya watu kutoka kazini, hawana ugomvi na mtu. Gari la polisi likasimama, wakaruka askari watatu wenye fimbo. Wakamkamata Jim. Jim akasema hana kosa. Wakampiga. Sonny hakuweza kusimama tu akatazama. Akapigana, na askari mmoja akaanguka akafa. Sasa Jim ana shtaka la kushukiwa, na Sonny ana shtaka la kuua. Barua inamalizika kwa kumsihi mama ajipe moyo, na chini yake jina la mwana.

Tuipime kazi hiyo. Kwanza, mwendo wake. Mwanzo na mwisho maneno yanakwenda polepole, kama wino katika karatasi. Mapigano yanapoanza, mistari inakuwa mifupi mno, tendo moja, tendo moja, na kila tendo linaangukia juu ya pigo la ngoma. Hapo huwezi tena kutenga ngoma na neno: fimbo ya askari na fimbo ya mpiga ngoma zinashuka pamoja. Yule anayesema kwamba besi ilimpiga kifuani amesema kweli kuliko anavyojua, kwa maana mshairi alitaka apigwe. Lakini asiyesikia maneno hapati kujua ni nani anayepigwa.

Pili, mshairi hahubiri. Hasemi kwamba polisi ni wabaya, wala hasemi kwamba Sonny ni mtakatifu. Mtu amekufa, na Sonny mwenyewe haufichi ukweli huo kwa mama yake. Msikilizaji anaachiwa mzigo autue mwenyewe. Sheria inayotajwa ilikuwako kweli: ilitoka katika sheria ya mwaka wa 1824 juu ya wazururaji, nayo ilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kumshuku tu kwamba anakusudia kuiba. Vijana weusi walikamatwa kwa hiyo kuliko wengine. Wazazi na watetezi wao walihangaika sana mpaka ikaondolewa mwaka wa 1981. Hatusemi kwamba shairi liliiondoa. Twasema kwamba hata leo, sheria ikiwa imekufa, barua ile bado yaumiza. Ni kwa sababu inamhusu mama, ahadi na mdogo wake mtu, si kifungu cha sheria tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni lugha. Hebu fikirini barua hiyo ingeandikwa kwa Kiingereza safi cha shule. Ingefanana na maelezo yanayosomwa mahakamani. Mama angeisikia kama habari ya mtoto wa mtu mwingine. Kwa Patwa, ni mwana anamwambia mama, na hakuna mtu wa tatu kati yao. Lugha iliyoruhusiwa kuchekesha tu, hapa imebeba msiba, na haikuanguka.

Redio kichwani, na mawe barabarani

Johnson si peke yake. Jean "Binta" Breeze, aliyefariki mwaka wa 2021, alikuwa mwanamke wa kwanza kujulikana sana katika ushairi huo, ambao mpaka wakati huo wanaume walikuwa wameushika kama baraza lao. Shairi lake lililosifiwa kuliko yote ni "Riddym Ravings". Mwanamke ametoka shamba kuja Kingston. Hana nyumba, anatembea njiani, na ndani ya kichwa chake redio inalia. Daktari na mwenye nyumba wanataka kuichomoa plagi. Yeye hataki, kwa maana redio hiyo ndiyo kitu kilichombakia.

Twawashauri wapenzi wa besi walisikilize shairi hilo mara mbili. Katika mashairi ya wanaume, ngoma huwapa watu nguvu. Hapa ngoma imeingia kichwani mwa maskini na haitoki, na huwezi kujua kama inamponya au inammaliza. Breeze aliuliza juu ya muziki huo swali ambalo wapenzi wake hawakuliuliza.

Na Michael Smith alilipa bei. Alizaliwa Kingston mwaka wa 1954, akasomea uchezaji wa jukwaani katika shule ya maigizo mjini humo. Sahani yake Mi Cyaan Believe It ilitoka mwaka wa 1982, nao Johnson na Bovell ndio walioitengeneza. Ndani yake anasimulia shida za watu wa chini, kodi ya nyumba, kazi zisizopatikana, na anavuta sauti yake hata neno moja linakuwa kilio kirefu. Mwezi wa Agosti 1983 alikuwa katika mkutano wa siasa huko Stony Hill, akampinga waziri mmoja mbele ya watu. Kesho yake, tarehe 17, watu walimzuia njiani wakampiga mawe, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Tukikumbuka jambo hilo, hatuwezi tena kusema kwamba neno si kitu. Waliomwua hawakukasirishwa na besi. Siku ile hakuwa na ngoma yoyote. Alikuwa na kinywa tu.

Makosa tunayoyaona

Mhakiki asifu, lakini asifiche makosa. La kwanza ni la waigaji. Baada ya wakubwa hawa walitokea wengi waliodhani kwamba kazi ni rahisi: chukua besi nzito, weka hasira juu yake, rudia neno la uhuru mara kumi. Debe tupu haliachi kuvuma. Hasira bila mtu ndani yake haina wa kumlilia. Sonny ana jina, ana mama, ana mdogo wake. Waigaji wana bango tu.

La pili ni la Johnson mwenyewe. Katika sahani yake Making History ya mwaka wa 1984 mna mashairi mawili ya kulinganisha. Moja, "Di Great Insohreckshan", lasimulia machafuko ya Brixton ya mwezi wa Aprili 1981. Lina ngoma ya kushangilia, nalo lilipendwa. Lakini ukilisikiliza leo, baada ya zaidi ya miaka 40, moto wake umepoa. Lafurahia ushindi wa siku chache. La pili, "Reggae fi Dada", ni maombolezo ya baba yake aliyefia Jamaika. Mwana amerudi kumzika, na katika kaburi moja anaiona nchi nzima iliyomchosha baba. Hapo ngoma inakwenda taratibu kama watu wanaofuata jeneza. Tukipewa kuchagua, twachagua hilo, na twadhani miaka itatuunga mkono. Johnson ni mkubwa zaidi anapoomboleza kuliko anaposhangilia.

La tatu ni letu sisi wapenzi. Masimulizi yetu ya siku ya kwanza mara nyingi ni sifa ya nafsi zetu: nilikuwa kijana, nilikuwa hodari, nilikuwa wa kwanza mtaani kuwa na kaseti ile. Tunaikumbuka sahani kama tunavyokumbuka shati la ujanani. Vijana wa Roxy walicheza vizuri juu ya shida za majirani zao. Wengine wao, tukubali, waliifuata ngoma mpaka wakaijua shida yenyewe, wakasimama pamoja nao. Lakini wengine walirudi nyumbani na besi tu.

Jaribio ni moja, na Johnson alijitia ndani yake mwenyewe. Mwaka wa 1996 alitoa sahani ya mashairi yake akiyasema mbele ya watu bila chombo hata kimoja. Hakuna ngoma, hakuna besi. Mashairi yakasimama, na ngoma yakaitoa ndani yao wenyewe. Mwaka wa 2002 kampuni ya Penguin iliyaweka mashairi yake katika mfululizo wake wa vitabu vikubwa vya zama hizi; alikuwa mshairi wa pili tu kuwekwa humo akiwa bado hai, na mtu mweusi wa kwanza. Kitabu kiliandikwa kwa Patwa, kama kinavyosemwa Brixton na Chapelton. Lugha iliyorekebishwa darasani sasa ikawa katika maktaba ya wale waliokuwa wakiirekebisha.

Na sisi?

Tuseme wazi kwa nini tumeandika haya yote. Huku kwetu mtoto anayesema "batu" badala ya "watu" huchekwa na wageni wa pwani, na mwalimu humsahihisha. Sisi wenyewe wa gazeti hili twaandika Kiswahili cha vitabu, wala hatutakiacha, kwa maana kinatuunganisha na watu wa mbali. Lakini Kiswahili chetu cha nyumbani, cha Lubumbashi, cha Kisangani, cha Bukavu, tumekipa kazi gani? Tumekiachia vichekesho. Katika maigizo, mjinga ndiye anayekisema, na wakubwa husema Kifaransa. Kumbe mama anapomlilia mwanawe, halii kwa Kifaransa, wala halii kwa Kiswahili cha vitabu.

Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema. Alpha Blondy hakuiga Patwa, ambayo si yake. Alichukua kutoka Jamaika ruhusa tu, kisha akasimulia fimbo za polisi kwa Kidiula. Kijana wa kwetu anayeipenda rege na kujitahidi kutamka kama Mjamaika amechukua shati akaacha mwili. Afadhali achukue barua ya Sonny kama mfano, aandike barua kwa mama yake mwenyewe, kwa maneno ambayo mama huyo ataelewa bila kufasiriwa. Hapo ndipo tutakapomsikiliza kama mshairi.

Basi, msomaji, ukiwa na sahani au kaseti ya washairi hawa, fanya hivi. Isikilize kwanza kama ulivyozoea, na ucheze, hakuna ubaya. Kisha mtafute mtu anayejua lugha ile, mkae mezani, akufasirie mstari kwa mstari, hata kama itachukua jioni nzima. Halafu irudishe mwanzo. Na siku watoto wako watakapokuuliza jinsi ulivyoupata muziki huo, usiwaonyeshe kifua tu. Wasimulie habari ya Sonny na mama yake.